Bruce Lee wa Luanda Kotieno hakuwa na vidole saba

Wasee, kuna deni nataka kulipa leo.

Wale mmekuwa na mimi tangu nikiwa na wafuasi mia tatu mtakumbuka ile picha niliposti nikiwa nimetoka kumsalimia shangazi yangu Luanda Kotieno. Ukuta wa banda la video la zamani, si mbali na pale feri ya Mbita inashukisha watu, na juu yake amechorwa Bruce Lee. Ile ovaroli yake maarufu ya njano, huyu ameivaa ya kijani. Mkono wa kulia una vidole sita, ukihesabu vizuri ni saba. Nikaandika chini yake: "Bruce Lee shabiki sugu wa K'Ogalo, amekuja na vidole vya ziada vya kuhesabia magoli." Mlicheka, mkasambaza, na ile picha ndiyo ilinipeleka wafuasi elfu moja. Ukweli ni kwamba hii kurasa yangu imejengwa juu ya mgongo wa huyo Bruce Lee.

Mwezi uliopita nilirudi kwa shangazi. Kutoka Kisumu nikapitia Bondo, nikashuka pale mwisho wa lami, nikaenda moja kwa moja kwa ukuta wangu. Nikapata jamaa juu ya ngazi na ndoo ya rangi nyekundu. Banda linageuzwa duka la kubeti. Miguu ya Bruce Lee ilikuwa imeshaenda, na tumbo pia. Nikauliza ni nani alichora ile ya zamani. Bila hata kugeuka akanionyesha kwa brashi: mzee mmoja ameketi kando ya mashua iliyopinduliwa, anaziba nyufa.

Nilikaa naye kama nusu saa. Aliyoniambia yalinitoa jasho, nikarudi Kisumu nikasoma wiki tatu.

Tuanze mbali kidogo, maana huyu Bruce Lee wa ukutani alisafiri.

Kitu cha kwanza nilichokuwa nakichanganya ni lugha. Watu wa Hong Kong wanaongea Kikantoni, lakini filamu nyingi za Shaw Brothers za miaka ya 60 na mwanzo wa 70, zile za mapanga na mashujaa wa nywele ndefu, zilitolewa kwa Kimandarini, kwa sababu za soko. Kikantoni kilikuwa na shujaa wake wa zamani zaidi, Wong Fei-hung, mganga na mwalimu wa kung fu aliyeishi kweli kule Guangdong. Mwigizaji Kwan Tak-hing alianza kumwigiza mwaka wa 1949, akaendelea filamu kwa filamu, makumi kwa makumi, mpaka watu wakadhani ndiye mwenyewe. Mwaka wa 1978 Jackie Chan akamwigiza huyo huyo Wong Fei-hung akiwa kijana mtukutu katika Drunken Master. Mwaka wa 1991 ikawa zamu ya Jet Li, katika Once Upon a Time in China. Yaani wale "Wachina tofauti" uliokuwa ukiwaona kwa DVD za mtaani, wengine walikuwa mtu mmoja.

Bruce Lee mwenyewe alizaliwa San Francisco mwaka wa 1940, akakulia Hong Kong, akawa mtoto wa sinema za Kikantoni kabla hajampiga mtu teke mbele ya kamera. Mwaka wa 1970 Raymond Chow alitoka Shaw Brothers akaanzisha kampuni yake, Golden Harvest. Mwaka uliofuata wakatoa The Big Boss. Halafu Fist of Fury 1972, Way of the Dragon mwaka huo huo, Enter the Dragon 1973. Tarehe 20 Julai 1973 akafa, na alikuwa na miaka 32 tu. Mbio zote hizo ni miaka miwili hivi. Kuna watu hapa wana miaka miwili wakihariri video moja.

Sasa, The Big Boss inahusu nini? Hapa ndipo mzee wa mashua alinishika. Nilidhani ataniongelea mateke. Akasema, "Nyathina, ile ni sinema ya barafu."

Na ni kweli. Kijana anatoka kwao, anaenda nchi ya mbali kukaa na binamu zake, anaajiriwa kwenye kiwanda cha barafu. Amemwahidi mama yake hatapigana. Ndani ya vipande vya barafu kumefichwa dawa za kulevya. Binamu wanaogundua siri wanapotea mmoja mmoja, na bosi anawanunua waliobaki kwa pombe na cheo. Sasa hebu iweke hiyo sinema kwenye ufuo wa Ziwa Victoria katika miaka ya 80 na 90, wakati mbuta alipolipuka. Samaki yule aliletwa ziwani na watu tangu miaka ya 50, na kufikia miaka ya 80 alikuwa amejaa kila mahali, viwanda vya minofu vikaja, pesa taslimu zikaanza kuzunguka kwenye fuo ambazo hazikuwa hata na stima. Mbuta bila barafu ni uvundo. Mwenye lori la barafu ndiye anayepanga bei. Mvuvi anasimama kwenye jua na samaki wake, anangoja, na kila dakika inayopita samaki anashuka thamani. Mtu kama huyo akiona kijana anavunja kiwanda cha barafu kwa mikono mitupu, haoni "filamu ya Kichina". Anaona Jumanne.

Fist of Fury nayo ina ile sehemu ya bustani ya Shanghai, kibao kimeandikwa kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia. Bruce Lee anakirusha juu na kukipasua kwa teke. Filamu ilitoka 1972. Kenya ilikuwa haijamaliza hata miaka tisa ya uhuru. Baba na babu zetu walikuwa wameishi na hoteli ambazo hawangeweza kuingia kwa sababu ya ngozi. Hiyo sehemu haikuhitaji mtafsiri.

Si sisi peke yetu. Dar es Salaam ya Nyerere vijana walijazana kwenye majumba ya sinema kumwona, na mwandishi May Joseph, aliyekulia huko, ameandika jinsi kung fu ilivyokaa vizuri na Ujamaa: mtu hana kitu, ana mwili na nidhamu yake tu, na anashinda. Kujitegemea kwa mateke. Wakati huo huo Wachina wa kweli walikuwa wakijenga reli ya TAZARA.

Basi. Mjini kulikuwa na majumba ya sinema na mabango ya kuchapishwa yaliyokuja pamoja na filamu. Lakini kaseti ya VHS ilipofika ufuoni ilifika uchi, mara nyingi nakala ya nakala, haina hata kava. Banda lilikuwa na televisheni moja, jenereta nyuma, mabenchi, na magunia madirishani kuzuia mwanga. Shangazi anasema waliingia kwa bob tano. Maonyesho yalikuwa mchana kwa sababu wa omena wanafanya kazi usiku na taa zao, na mchana hawana la kufanya ila kulala na kushona nyavu. Kwa hivyo mwenye banda anahitaji kumwambia mvuvi aliyechoka, tena kutoka mbali, kwamba leo kuna Bruce Lee. Chaki kwenye ubao inatosha kwa anayesoma. Kwa wengine unahitaji picha.

Na ufuo tayari ulikuwa na wachoraji. Angalia mashua yoyote pale: jina kwa herufi za kivuli, mistari ya rangi mdomoni, nyota, samaki, pengine mstari wa Biblia. Huyo anayepaka mashua ndiye anayeitwa kupaka kinyozi, hoteli na banda la video.

Mzee anasema alichora ule ukuta kabla ya mvua za El Niño, yaani kabla ya 1997. Nikamuuliza, kwa heshima kidogo maana aibu ilikuwa imeanza kunipanda, "Jaduong', kwa nini kijani?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Rangi ya njano ilikuwa ya kununua. Kijani kilibaki kwa mashua."

Na vidole?

Hapo akaweka chini nyundo. Mwenye banda alimpa nafasi asubuhi moja, kabla ya jenereta kuhitajika kwa kazi nyingine, akamgandishia kaseti ili aone vizuri. Wale mliozaliwa na simu mkononi hamjui hii kitu: kaseti ya VHS ukiigandisha, picha haitulii. Inatetemeka, mistari inapita katikati, na kitu kilichokuwa kinaenda kasi kinaonekana mara mbili, kama kivuli kinachomfuata mwenyewe. Mkono wa Bruce Lee ulikuwa njiani kwenda kwa uso wa mtu. Mzee akachora alichokiona. Vidole vya mkono ulipokuwa, na vidole vya mkono ulipokuwa unafika.

"Si vidole saba," akasema. "Ni mkono mmoja unaenda."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilikuwa nimeihesabu ile picha kama karani. Yeye alikuwa amechora mwendo.

Nikaenda kutafuta kama kuna wengine kama yeye. Wapo, na hapa ndipo roho iliniuma, maana angalia mahali kila mmoja aliishia.

Hong Kong yenyewe kulikuwa na Yuen Tai-Yung. Alizaliwa Shanghai 1941, akafika Hong Kong 1957, hakusomea sanaa, akajifunza kwa kuchora. Bango lake la kwanza la filamu lilikuwa la The Last Message mwaka wa 1975, vichekesho vya akina Hui, vya Kikantoni. Kutoka hapo akachora zaidi ya mabango 200: Jackie Chan, Mr. Vampire, Aces Go Places, vichwa vikubwa juu ya miili midogo, kila uso umetiwa chumvi mpaka unacheka kabla hujalipa tikiti. Mabango ya picha na baadaye kompyuta yalipoanza kutawala akastaafu. Mwaka wa 2016 tuzo za filamu za Hong Kong zikamheshimu kwa kazi yake, na filamu kuhusu yeye ikatengenezwa. Alikumbukwa akiwa hai, na hiyo si kawaida kwa mchora mabango.

Ghana miaka ya 80 kulikuwa na sinema za kuhamahama: jenereta, televisheni, deki, vyote kwenye gari, kijiji hadi kijiji. Wachoraji walishona magunia mawili ya unga pamoja, wakayapaka rangi ya mafuta, bango likakunjwa na kwenda safari. Misuli inazidi ya filamu, damu inazidi ya filamu, na nyoka anatokea ambaye kwenye filamu hayupo kabisa. Mara nyingine mchoraji hakuwa ameiona filamu hata mara moja. Leo magunia hayo yako kwa wakusanyaji wa Marekani. Kitabu kikubwa kimoja, Extreme Canvas, kilitoka 2000, na Chicago kuna nyumba ya sanaa inayoagiza mapya kutoka kwa wachoraji wa Ghana. Angalau kazi inaendelea na majina yao yanajulikana: Heavy J, Stoger, Leonardo.

Lakini nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtapenda. Ukisoma jinsi watu wa huko wanavyoyaongelea mabango hayo kwa intaneti, wengi wanacheka. Wanayapenda kwa sababu "yamekosewa". Kicheko chao na kicheko changu cha K'Ogalo ni mtu na ndugu yake. Tofauti ni kwamba wao walilipa.

Jirani hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana amesimulia kwamba akiwa mtoto hakuwa akienda kwenye vibanda vya video. Kaka zake walienda, wakarudi wakamsimulia, mateke kwa mateke, naye akaitengeneza filamu kichwani. Mwaka wa 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, imetengenezwa kwa vyuma chakavu na bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, na ndani yake kuna kung fu tupu. Dunia ikacheka kwanza, halafu ikaketi kuangalia. Nabwana alichora kutoka kwa sauti, mzee wangu alichora kutoka kwa picha inayotetemeka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akinakili.

Na kama unadhani hii ni mambo ya maskini tu, tafuta Mostar, Bosnia. Mji uliogawanywa na vita. Walipotaka kuweka sanamu ya mtu ambaye pande zote zinampenda, walikosa shujaa wa kwao ambaye hangeleta ugomvi. Wakamchagua Bruce Lee. Sanamu ilizinduliwa tarehe 26 Novemba 2005, siku moja kabla ya ile ya Hong Kong! Wahuni wakaiharibu muda mfupi tu baadaye, ikaondolewa, ikarudishwa 2013.

Na sisi Kenya?

Sisi tulikuwa na matatu. Ukiuliza mtu wa Nairobi wa miaka ya 90 atakuambia juu ya mathree zilizochorwa kutoka bampa hadi bampa, wanamuziki, wacheza mpira, mateke ya angani. Halafu tarehe 1 Februari 2004 kanuni za Waziri John Michuki zikaanza kufanya kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, na mstari wa njano pembeni. Sikatai, mikanda iliokoa watu, na mtu aliyezika ndugu kwa ajali hataki kusikia habari ya sanaa. Lakini michoro ilifunikwa. Baada ya miaka kama kumi nganya zikaruhusiwa tena kujipamba, na leo unaziona, ni moto. Zile za zamani ziko wapi? Kwenye picha chache za familia, nyuma ya mtu anayepanda gari. Hakuna aliyezipiga picha kwa ajili yao zenyewe, na waliozichora wengi wao hatujui hata majina.

Ufuoni hakukuhitaji hata waziri. Mashua inapakwa upya. Ukuta unapakwa upya. DVD ziliingia, DJ Afro akatuletea mateke yaliyosimuliwa kwa Kiswahili mpaka sebuleni, kisha simu zikaja, na banda likabaki na mabenchi. Hakuna adui kwenye hii hadithi. Hata jamaa wa rangi nyekundu alikuwa mpole tu, analipwa kwa siku.

Nilimuuliza mzee alilipwa nini kwa ule ukuta. Kuingia bure mwaka mzima, yeye na mtoto mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakuweka jina lake. Akasema jina la mashua ni la mwenye mashua. Nikamwomba niweke jina lake hapa. Akakataa, akacheka: watu watakuja kumletea kazi na macho yameisha. Kwa hivyo siliweki, na msiniulize.

Kisha nikamwonyesha ile posti yangu. Nilifikiri kuificha, lakini shangazi alikuwa ameshaniambia wajukuu wa huyu mzee wako kwa simu kama sisi wote. Akaisoma polepole, akiishika simu mbali na macho. Alipofika kwa K'Ogalo akacheka kweli. Alipofika kwa vidole hakucheka, wala hakukasirika. Akanirudishia simu akachukua nyundo. "Hukuuliza," akasema.

Nilirudi kwa ukuta mbio. Rangi nyekundu ilikuwa imefika kifuani. Nikamwomba yule jamaa dakika tano, akanipa kumi, akashuka kunywa soda. Nilipiga uso, bega, halafu mkono kutoka karibu sana, mpaka unaona alama za brashi na mahali chaki ilichora kwanza. Kwa karibu vidole vya nyuma ni vyepesi kuliko vya mbele, rangi imechanganywa na maji kidogo. Ile picha yangu ya kwanza niliipiga kutoka mbali, nisingeweza kuona hilo. Feri ikapiga honi, jamaa akapanda ngazi.

Posti ya zamani sijaifuta. Nimebadilisha maneno chini yake tu. Sasa yanasema: Mkono wa kulia, ukiwa njiani. Fundi wa mashua, Luanda Kotieno, kabla ya El Niño.

Kama uko Usenge, Mbita, Dunga, Homa Bay, popote ufuoni, na kuna ukuta kama huo, nitumie picha. Iwe ya karibu. Na umuulize mtu ni nani alichora.